Si Kila Seli ya Schwann Hutengeneza Mielini

Muhula uliopita nilikosa alama mbili kwenye mtihani wa fiziolojia, na mpaka leo zinaniuma. Swali lilikuwa fupi: taja kazi ya seli za Schwann. Nikaandika kwamba inategemea ni seli ipi, nikaeleza zinazotengeneza mielini na zisizotengeneza. Msahihishaji akapiga mstari mwekundu, pembeni akaandika: "Kutengeneza mielini." Basi. Waliokariri madesa ya mwaka juzi walipata zote mbili.

Najua mtasema jamaa analilia alama. Kweli, nalilia. Ila sikilizeni kwanza.

Chukua neva ya ngozini, itazame kwa hadubini ya elektroni. Nyuzi zisizo na mielini ni nyingi kuliko zenye mielini. Zile nene, kila moja ina seli zake zilizojiviringisha kama kanga kiunoni, tabaka juu ya tabaka, na kila seli inahudumia kipande kimoja tu cha uzi mmoja. Zile nyembamba, zinazobeba joto na sehemu kubwa ya maumivu, zinalala kadhaa pamoja ndani ya seli moja, kila uzi kwenye mfereji wake. Seli hizo huitwa za Remak, kwa jina la Robert Remak aliyezieleza nyuzi hizo miaka ya 1830, wakati uleule wa Theodor Schwann mwenyewe. Yaani jambo hili lina karibu miaka 200, na bado halijafika kwenye mwongozo wetu wa kusahihishia.

Na hapo hatujamaliza. Pale neva inapokutana na msuli kuna seli nyingine za Schwann. Neva ikikatika, hurefusha mikono yake na kuuonyesha uzi mpya njia ya kurudi. Kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo kuna seli setilaiti zinazozingira miili ya nyuroni. Utumbo nao una glia zake. Mwaka 2019 watafiti wa Karolinska, Uswidi, walionyesha kwa panya kwamba ngozini kuna seli za Schwann zinazohisi kuchomwa zenyewe, kisha zinaiamsha neva. Huyo naye tumwite "msaidizi"?

Sasa njoo kwenye lililonifanya niandike. Wiki chache baada ya mtihani tulipelekwa kliniki ya ngozi. Akaja mzee mmoja, vidole vina malengelenge ya moto.

"Shikamoo babu. Umeungua lini?"

"Marahaba mjukuu wangu. Sijui. Nimeona tu ngozi imevimba. Mkono huu umekufa, lakini unashika."

Mwenzetu mmoja, mkali sana wa mitihani, akampima nguvu za mkono, akaninong'oneza kwamba neva ziko poa, nguvu anazo. Nami nilikaribia kukubali! Daktari akachukua mirija miwili, mmoja wa maji ya moto na mwingine wa baridi, akaigusisha kwenye baka la mkononi. Babu hakutofautisha. Ulikuwa ukoma.

Bakteria wa ukoma wanaishi ndani ya seli za Schwann, zikiwemo hizo zisizo na mielini. Ndiyo maana hisia ya joto inaweza kupotea mapema huku mkono bado unashika sufuria, na sufuria inauunguza. Dawa zipo, na ni bure, lakini mtu anazihitaji kabla vidole havijaharibika. Sisi wawili tungemrudisha babu nyumbani na dawa ya kupaka, kwa sababu vichwani mwetu neva ni waya uliovishwa plastiki.

Wengine wanasema mtaala umejaa, muda hautoshi. Mimi nilikaa kwenye lekcha hiyo. Tulitumia saa nzima kwenye mielini na jinsi umeme unavyorukaruka. Dakika kumi za seli za Remak zisingemuua mtu.

Nimeshapeleka barua idarani. Siombi alama zangu (zikirudi sitakataa). Naomba swali la mwaka huu liwe: eleza aina mbili za seli za Schwann, na mgonjwa anapoteza nini kila moja ikiharibika. Na wewe mwenye madesa ya mwaka juzi, kabla hujawapa wadogo zetu wakatoe kopi, ifute ile sentensi.