Asiyekutazama Usoni Hakukutusi

"Wewe, husikii? Nitazame nikisema nawe!" Kauli kama hii nimeisikia dirishani, karani akimfokea mtu mzima mwenye usonji. Kusikia husikia, tena mara nyingi sauti zote humwingia kwa pamoja: feni, simu na minong'ono ya foleni. Alichohitaji ni muda wa kulipanga jibu.

Naona ajabu. Sisi watu wa pwani tulifunzwa chuoni kuinamisha macho mbele ya mwalimu, tukaiita heshima. Mbona dirishani yaitwa jeuri?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kusemezwa pasi na kudunishwa. Na kabla ya katiba, Surat Abasa iliteremka kwa sababu ya kipofu aliyekunjiwa uso, ambaye hata mkunjo wenyewe hakuuona.

Basi karani na aulize swali mojamoja, kwa upole, angoje. Naye mwenye usonji ana haki kuja na haja yake imeandikwa karatasini, na akitukanwa amwite mkubwa wa kazi. Muungwana ni kitendo. Na kauli nayo ni kitendo.