Buibui kala ndala, mzee wa watu kibarua kimeota nyasi

Klipu yenyewe haifiki hata dakika moja. Mwanadada mmoja wa Bongo Movie, yule ambaye mwaka jana alikuwa anaachana na kurudiana na mwanamuziki wake kila mwezi mpaka wadau wakachoka kuhesabu, yuko lokesheni nje kidogo ya Mombo, mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara. Ni usiku, mvua za vuli zimetoka kunyesha, anapita barazani huku anajirekodi na kuimba. Mara paap, ukunga. Simu inayumba, inaelekea chini, na hapo sakafuni anaonekana buibui (wa miguu minane, sio lile la kuvaa) rangi ya chungwa, mpana kama kiganja, kanyanyua miguu ya mbele juu kama bondia. Sauti ya kiume inasema "ua hiyo, ua!" Ndala ya kwanza, ndala ya pili. Kwisha habari.

Kapsheni sasa: "Wabaya wangu mmeshindwa. Hiki kinaua ndani ya dakika tano. Mungu wangu halali."

Kufika asubuhi hakuna grupu la WhatsApp mjini ambalo klipu haijaingia.

Ingeishia hapo ingekuwa kiki kama kiki nyingine, watu wacheke, wiki iishe. Ila timu yake haikulala. Kwanza wakamvaa mwigizaji mwenzake, yule waliyegombania tangazo la sabuni, eti ndo katuma. Huyu ni mtoto wa mjini, alijibu mapigo kwa mchambo wa kurasa tatu na mambo yakaisha. Baadaye mtu mmoja akaikata ile klipu na kuzungushia duara jekundu sehemu ya nyuma, pale alipokuwa amesimama mlinzi wa nyumba. Mzee wa watu, kofia ya sufi, tochi mkononi. "Mbona huyu hashtuki?" Swali hilo moja likatosha. Wambea wakapata ubuyu mpya: mzee kalipwa, mzee ndiye kakileta.

Walioshuhudia wanasema usiku uleule mrembo alimuuliza, "Babu, hiki kidudu umekileta wewe?" na mzee akajibu kwa upole tu, "Mwanangu, huyo anapita. Mvua ikinyesha huwa wanapita." Kesho yake mwenye nyumba, kwa kuogopa kumpoteza mteja na kuchafuliwa jina, akamwambia mzee apumzike kwanza nyumbani. Kupumzika kwenyewe hakuna mshahara. Na picha yake mpaka leo inazunguka na duara lake jekundu.

Wanaocheka kwenye suala hili wajue wanachekea nini. Hii ni nchi iliyozika wazee wengi, hasa kina bibi wa kule Usukumani, kwa sababu ya macho mekundu na maneno ya majirani. Wengi wao macho yale yaliletwa na moshi wa kuni za miaka yote. Kumzungushia mzee duara jekundu na kumwandikia "mchawi" chini yake sio utani. Mtu akiamka vibaya kijijini kwake akakumbuka ile picha, hakuna timu ya mtandaoni itakayokwenda kumwokoa.

Na kinachouma zaidi ni kwamba klipu ileile ndiyo shahidi wa mzee. Mtu yeyote angeisimamisha kidogo akamtazama yule buibui vizuri, kesi ingekuwa imefungwa usiku uleule.

Aliyekula ndala ni tarantula, na sio wa kutoka kwenye filamu za Kizungu. Ni mwenyeji. Kitaalamu anaitwa Pterinochilus murinus, jina alilopewa na Mwingereza Pocock mwaka 1897. Aina hii ina rangi mbalimbali, wengine wa kahawia, wengine kijivujivu, lakini yule wa chungwa ni maarufu sana kwa watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga buibui. Na wanamwitaje? Usambara. Yaani mfugaji wa Ujerumani anataja Usambara kila siku akimlisha buibui wake, wakati mwigizaji amesimama Usambara yenyewe anadai ametumiwa.

Alama zake ziko wazi kabisa kwenye ile video. Miguu minene yenye manyoya kama mahameli, na kwenye ncha za miguu kuna kitu laini kama pedi. Hizo pedi ndo zimewafanya Wazungu wamwite buibui wa nyani, kwa kuwa mguu wake unafanana na kidole cha nyani. Mgongoni sehemu ya mbele ana michirizi inayosambaa kama miale ya jua. Alipojiinua yakaonekana meno: mawili, yamesimama sambamba yakielekea chini, kama sululu mbili zinazopigwa pamoja. Buibui wa kawaida wa ndani meno yake yanakutana kama koleo, moja kutoka kushoto, lingine kutoka kulia. Huyu anachoma kutoka juu. Macho anayo manane, ila yote madogo yamerundikana kwenye kinundu kimoja juu ya kichwa, na wala hayamsaidii sana. Anaishi kwa kusikia mtikisiko wa ardhi. Kwa hiyo ule ukunga na kukimbia huku na huku pale barazani, kwake yeye ilikuwa kama tetemeko.

Komenti nazo zilikuwa balaa lake lenyewe. Mmoja aliweka picha ya yule bapa anayekaa ukutani vyumba vya Dar, miguu kaitandaza pembeni kama kaa, akaandika "hawa ndo wenyewe, kwetu wamejaa." Sio wenyewe. Yule wa ukutani anakula mende, na kwa hali ya baadhi ya majiko ya Sinza angetakiwa kulipwa. Mwingine akaweka yule wa mbio, anayeonekana kama ana miguu kumi na mdomo mkubwa kama mkasi. Yule hata buibui sio, ingawa ni ndugu yao, na sumu hana. Halafu ikasambaa sauti ya dada mmoja anaeleza kwa uhakika wote kwamba buibui huyu anakupulizia manyoya unapofuka. Buibui wa kurusha manyoya wapo kweli na yanawasha hasa yakiingia machoni, lakini wako bara la Amerika. Wa Afrika hawana silaha hiyo. Ndiyo maana wa kwetu hana simile: akibanwa anasimama, anaonyesha meno, na ukiendelea anang'ata.

Hapo isieleweke kwamba ni mnyama wa kushikashika. Ana hasira na ana mbio. Akikung'ata ni maumivu makali, uvimbe, na misuli inaweza kukaza na kukusumbua siku kadhaa. Ila hiyo "dakika tano" imetoka kwenye kichwa cha aliyeandika kapsheni. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kwamba kimeletwa na sumu yake. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni, atulie, aende hospitali. Mambo ya kuchanja kwa wembe na kufunga kamba mpaka mkono ugeuke bluu yanaleta madhara kuliko buibui mwenyewe.

Lakini sehemu ambayo wapenzi wa ubuyu walipaswa kuidaka ni hii. Yule buibui alikuwa mwembamba, miguu mirefu, na vile vimikono viwili vya mbele vinaishia na kivimbe kama glovu ya ngumi. Hilo ni dume lililokomaa, na kilichomtoa nje usiku wa mvua ni mapenzi. Jike la jamii hii linakaa shimoni kwake, kalizungushia utando mlangoni, na linaweza kuishi zaidi ya miaka 10 bila kuhama mtaa. Dume likikomaa linaacha kwao, linatembea usiku kucha kutafuta shimo lenye jike. Likilipata linagonga kwa miguu, linajitambulisha kwa adabu, na likizubaa linaliwa. Hata likinusurika, halimalizi muda mrefu, maisha ya dume kuanzia hapo ni ya miezi tu. Ndiyo maana mzee alisema wanapita mvua ikinyesha. Hakuwa anaficha siri ya mganga. Alikuwa anasema kitu ambacho amekiona kila msimu tangu yuko kijana.

Na hashtuki kwa nini? Kwa sababu anakijua. Mtu wa Dar hashtuki akiona bodaboda inakuja upande usio wake, mgeni kutoka nje anaweza kuzimia. Kuna mtu ameshawahi kumwita mtu wa Dar mchawi kwa hilo?

Jina lenyewe la tarantula limetokana na kiki ya namna hii hii. Zamani huko Taranto, kusini mwa Italia, watu waliamini ukiumwa na buibui fulani dawa yake ni kucheza ngoma mpaka uchoke, na mpaka leo kuna mtindo wa kucheza unaoitwa tarantela. Buibui waliyekuwa wanamsingizia ni wa ukoo mwingine kabisa. Alisingiziwa, watu wakapata burudani, jina likabaki.

Baada ya klipu kupaa, akaingia komediani mmoja wa mitandaoni, kijana wa vipara na miwani ya njano, akaona na yeye asikose mkate. Akafunga safari hadi kulekule, akawapa vijana wa barabarani elfu tano tano wamchimbulie buibui wa chungwa akiwa hai. Wakamletea jike kwenye kopo la rangi. Akaliweka mkononi laivu, kwa mbwembwe, na kwa muda mfupi alikuwa anapiga magoti bila kuigiza. Meneja wake akatangaza kijana yuko mahututi, akaweka na namba ya michango. Waliomwona hospitali usiku huo wanasema alikuwa amekaa kitandani, kidole kimevimba, analia maumivu na kuulizia chaja. Maumivu yalikuwa ya kweli, hilo asikataliwe. Michango ndo ya kuulizwa.

Kuhusu jike hakuna aliyeuliza. Shimo limevunjwa kwa jembe, mnyama wa miaka yake mingi kaishia kwenye kopo. Na vijana sasa wameshajua kwamba kile kidudu kina bei, jambo ambalo ni baya kuliko ile ndala. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, lakini hamu ya Wazungu kwa viumbe vidogo haijaisha. Mwaka 2025 jirani zetu Kenya waliwanasa vijana wawili wa Ubelgiji kule Naivasha wakiwa na sisimizi wapatao 5,000 kwenye vichupa, na mahakama ikawapiga faini ya shilingi milioni moja za Kenya. Sisimizi! Kama sisimizi wanavushwa, buibui mwenye jina la Usambara ataachwa? Komediani amewafundisha vijana kuchimba, na wa pili kuja na elfu tano mkononi huenda asiwe komediani.

Wapo wanaomtetea mrembo, kwamba aliogopa, na kuogopa sio kosa. Kweli kabisa. Mtu akikuta kiganja kinatembea barazani usiku ana haki ya kupiga kelele zote alizonazo, na ndala ya kwanza ya woga mtu anaweza kuisamehe. Kapsheni lakini haikuandikwa kwa woga. Iliandikwa baadaye, mtu kakaa, katulia, kachagua na wimbo wa kuwekea. Hata picha ya mzee ilipoanza kusambaa, ukurasa wake uliweka alama ya moyo kwenye posti mbili kati ya zilizomwita mchawi. Hapo buibui hayupo tena. Hapo kuna mtu mwenye mashabiki lukuki na mtu asiye na hata mmoja.

Filamu inaendelea kupigwa, wamehamia nyumba nyingine, posta tayari imetoka. Mzee yuko kwake. Kinachotakiwa wala sio harambee wala safari ya kwenda kupiga naye picha akiwa kashika kilo mbili za sukari. Ni simu moja kwa mwenye nyumba kumwambia amrudishe kazini, na posti moja kwenye ukurasa uleule, kwa herufi zilezile kubwa: yule buibui ni wa hapahapa, alikuwa anapita, na babu alisema kweli. Mzee mwenyewe ana simu ya tochi, hataiona. Ila wajukuu zake wanasoma shule ya kata pale pale Mombo, na wenzao wote wana bando.