Mchuuzi si Picha ya Huruma Yetu



Kila Kwaresima vikundi vyetu hupita sokoni Mulongwe na bandarini Kalundu. Hugawa sabuni na chumvi kwa akina mama wauzao ndakala juani, huimba wimbo, hupiga picha, kisha hurudi nyumbani vimeridhika. Nimefuatana nanyi, nami nikaridhika vilevile. Leo nasema wazi: tumekosea. Kosa si sabuni. Kosa ni kwamba hatukumwuliza hata mmoja wao neno la kutulazimu tusikilize.

Iko njia nyingine. Mwaka 1991, mjini London, Gordon Roddick na John Bird walianzisha The Big Issue, gazeti linalouzwa barabarani na watu wasio na makao. Bird mwenyewe aliwahi kulala nje ujanani. Mwaka 1996 gazeti la namna hiyo likaanza Cape Town. Kanuni yake ni nyepesi: mchuuzi hununua nakala kwa karibu nusu ya bei, huiuza kwa bei kamili, na faida ni yake. Huko Montréal, gazeti L'Itinéraire huchapa pia makala za wachuuzi wenyewe.

Mtanijibu: «Mwalimu, hayo ni ya Wazungu. Nani atanunua karatasi ilhali hana unga?» Je, mama wa Kalundu haijui kanuni hiyo? Alfajiri hununua ndakala kwa wavuvi waliokesha na taa ziwani. Jua lisipokuchwa ameziuza, hasara ni yake. Anaifahamu biashara hii kuliko mimi niliyesomea ualimu. Wala simwambii aache samaki. Nasema neno lake nalo liwe na bei.

Wengine watasema hajui kuandika. Basi ninyi mlisomea nini? Keti naye, andika anayosimulia, kisha umsomee. Akisema «sivyo», futa. Fundi anayechora kuta za maduka yetu na achore jalada. Anzeni na kurasa nne tu, mama aziuze mlangoni mwa kanisa baada ya Misa, nusu ya bei ibaki mkononi mwake.

Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, tuliandika mengi juu ya waliopoteza nyumba: ripoti, matangazo, barua za kuomba msaada. Ni wangapi kati yetu waliowapa kalamu wenyewe? Wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea. Sisi tuliisimulia mvua tukiwa chini ya paa.

Kwa hiyo, Kwaresima ijayo msiniite kubeba sabuni kabla hamjaniletea ukurasa mmoja uliosemwa na mama wa soko, wenye jina lake akipenda, na bei yake juu. Nitaununua kwa bei hiyo hiyo, bila kupunguza, na bila kuongeza kitu kwa kumhurumia.