Ada ya Matibabu Ilipwe Wakati wa Mavuno

Wanachama wenzetu huenda wakauliza: khabari za Samuye zatuhusu nini sisi wenye mikarafuu? Zatuhusu sana. Samuye ni kata ya wakulima katika mkoa wa Shinyanga. Mkulima wa kule, kama sisi, hangoji mshahara bali hungoja msimu: yeye auze pamba, sisi tuuze karafuu.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa Igunga, jirani na Shinyanga, mwaka 1996. Ulipotengenezwa upya mwaka 2018, ada ikawa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Fedha hizo si nyingi wakati wa mavuno, lakini ni mlima ghala likiwa tupu. Basi wengi hungoja mpaka waugue.

Mfuko wa wagonjwa watupu haudumu. Toto Afya Kadi, ya shilingi 50,400 kwa mtoto, ilisimamishwa mwaka 2023, kwani wengi walioandikishwa walikuwa wameshaugua, na matumizi yakaipita michango kwa mbali.

Tena asiye na kadi huchelewa. Homa ya mtoto yageuka malaria kali. Mwenye kifua kikuu, ambaye dawa zake ni bure, aogopa gharama nyingine na kuambukiza nyumba nzima. Hapo shida ya mmoja huwa maradhi ya mtaa.

Mwaka huo wa 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote kwa Tanzania Bara. Zanzibar nayo ikaweka Mfuko wa Huduma za Afya, ulioanza na watumishi wa umma. Mtumishi ana mshahara wa kila mwezi, mkulima hana.

Wako watakaosema matibabu kwetu ni bure tangu 1964. Ni kweli, lakini nani kati yetu hajapata kuambiwa akanunue dawa dukani?

Kwa hiyo twaona yafaa ada ya mkulima ipokewe pale pale auzapo karafuu zake, kwa ridhaa yake na kwa stakabadhi. Mjane asiye na hata shina moja alipiwe na Serikali. Na dawa ziwepo, maana kadi bila dawa ni karatasi tu.

Chama chetu kilipeleke neno hili mbele mapema, kabla ya msimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.