Zilizopendwa au Zinazopendwa?

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii haikosi kutajwa kila mazungumzo yanapogusia nyimbo za zamani za muziki wa dansi, zile tunazoziita zilizopendwa. Husemwa kwamba zimedumu kwa sababu ni nzuri, na mjadala ukaishia hapo. Jawabu hilo ni fupi mno kwa watu wanaosomea fasihi. Katika makala haya nadai mambo mawili. Kwanza, nyimbo hizi zimedumu kutokana na jinsi zilivyoundwa, na muundo wenyewe ni wa kifasihi. Pili, tukizidi kuziacha nje ya madarasa yetu, sisi ndio tutakaolaumiwa zitakapopotea.

Tuanze na jina lenyewe. Mwanasarufi ataona papo hapo kwamba neno "zilizopendwa" limebeba kiambishi -li- cha wakati uliopita. Kwa mujibu wa sarufi, basi, nyimbo hizi zilipendwa zamani na mapenzi yakaisha. Lakini hebu panda basi la usiku liendalo Mombasa, au keti katika hema la harusi wageni wakisubiri chakula. Wimbo uliorekodiwa kabla ya baba zetu kuoa ukipigwa, vijana huitikia kibwagizo bila kukosea neno. Sarufi inasema hivi, watu wanatenda vile.

Nilipowasilisha pendekezo la tasnifu yangu kuhusu nyimbo hizi, mhadhiri mmoja aliniuliza kwa upole, "Sasa bwana, ushairi uko wapi hapo?" Wenzangu walicheka, nami nikacheka pamoja nao kwa kuwa sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Tuuchukue wimbo "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisa chake chaweza kusimuliwa kwa pumzi moja: kijana anampenda msichana, anataka kumwoa, hana mali. Basi. Hatuelezwi jina la msichana, wala wazazi wake walidai nini, wala kama ndoa ilifungwa hatimaye. Msamiati ni ule ambao mtoto wa darasa la nne anaufahamu. Sitiari ni chache, nazo ni za kawaida: malaika na ndege. Mtu anayeutafuta ushairi katika ugumu wa maneno atatoka mikono mitupu. Lakini ushairi wa wimbo huu umo katika yale ambayo mtunzi ameyaacha. Kwa kutotaja jina, amemwachia kila msikilizaji nafasi ya kutia jina la mpenzi wake. Kwa kutotoa suluhisho, ameuacha mgogoro wazi, na mgogoro wenyewe si wa mahaba peke yake. Ni mgogoro wa mahari na umaskini, ambao haujatutoka hadi leo. Kijana wa mwaka huu aliyehitimu na hana kazi hahitaji kufafanuliwa wimbo huu.

Tazama pia nafsi inayosemeshwa. Msemaji anasema na "wewe", na "wewe" huyo hajibu kamwe. Mbinu iyo hiyo imo katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika, wimbo wa mwishoni mwa miaka ya 1970, ambamo msemaji anajitetea mbele ya mtu anayemchukia. Hatusikii mashtaka, twasikia utetezi tu. Kila aliyewahi kulaumiwa kwa jambo asilolitenda huusikia wimbo huo kana kwamba kinywa chake ndicho kinachoimba. Sisi tunaifahamu mbinu hii vizuri. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu na mwaka wa 1858, ni maneno ya mama mgonjwa kwa binti yake, na binti hatumsikii akijibu. Tunausifu utendi huo darasani kwa ukaribu wa sauti yake. Ajabu ni kwamba ukaribu uo huo ukija na gitaa, tunauita burudani.

Gitaa nalo lina kazi ya kifasihi. Katika nyimbo za aina ya "Sina Makosa", gitaa la solo, la ridhimu na la besi hujibizana kama watu watatu waketio barazani, kila mmoja akingoja zamu yake. Waimbaji wamalizapo maneno, ala huchukua usukani katika sehemu ya mchapuko. Santuri ndogo za siku hizo zilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, hivyo nyimbo ndefu ziligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa nyuma. Watunzi walilazimika kukisema kisa upesi na kukikaza kwa takriri, kisha wakamwacha mchezaji akitafakari kwa miguu. Ufinyu huo uliwafunza uteuzi wa maneno kama vile mizani inavyomfunza mshairi wa tarbia.

Lugha yetu yenyewe pia ilichangia. Silabi za Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, na irabu ndiyo sauti inayoweza kuvutwa bila kuvunjika. Naamini hii ni sababu mojawapo iliyowawezesha waimbaji wasiokuwa Waswahili kuukumbatia "Malaika". Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika albamu yao ya mwaka wa 1965, iliyotuzwa tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Kundi la Boney M. liliutoa mwaka wa 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi katika albamu yake ya mwaka wa 1991.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba watu huzipenda nyimbo za ujana wao, na kwamba haya yote ni kutamani ya kale. Hoja hii ina uzito kwa wazee wetu, lakini haielezi mapenzi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye ya kale hayo hakuyaona. Wengine watasema ni redio iliyotukaririsha. Mbona basi nyimbo nyingi za kuwasifu viongozi, zilizopigwa redioni usiku na mchana katika miaka ya 1970 na 1980, hatuziimbi harusini? Tunazikumbuka kama tunavyokumbuka sare ya shule. Redio yaweza kuufikisha wimbo sikioni, ila haiwezi kuulazimisha moyo uutunze.

Sidai kwamba kila wimbo wa zamani ni johari. Zimo nyimbo zinazomdunisha mwanamke, na zimo zilizojaa maneno ya kujazia tu. Hilo si sababu ya kuziacha. Uhakiki si kusifu, na ndiyo maana nyimbo hizi zinauhitaji.

Sasa nije kwenye deni letu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, hakutunga kwa ajili ya mitihani. Mashairi yake yalihusu vita, njaa, mapenzi na masimango ya mji, na yalienea kwa vinywa vya watu. Tunayo leo kwa sababu baadaye Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na W. E. Taylor, hata yakaja kuchapishwa kama diwani mwaka wa 1940. Profesa Mohamed Abdulaziz alipomwandikia Muyaka kitabu mwaka wa 1979, katika anwani yake aliuita ushairi huo ushairi pendwa. Naam, pendwa! Kilichokuwa pendwa jana ndicho tunachokiita cha jadi leo, mradi apatikane mtu wa kukiandika.

Je, Mwalimu Sikujua wa nyimbo za dansi ni nani? Mwaka wa 2000 tulimpoteza Fundi Konde. Mwaka wa 2001 tukawapoteza Fadhili William na Daudi Kabaka. Umiliki wa "Malaika" wenyewe ungali unabishaniwa. Fadhili aliudai, na Mtanzania Adam Salim akaudai vilevile. Wimbo ulioimbwa katika mabara kadhaa hauna maelezo ya asili yanayokubaliwa na wote, kwa kuwa wakati wahusika walipokuwa hai na kumbukumbu zao zikiwa mbichi, wasomi hawakuona kwamba palikuwa na jambo la kuulizwa. Kizuri chajiuza, lakini hakijiandiki.

Wanachama wenzangu, kazi hii haihitaji ufadhili mkubwa. Kila mmoja wetu likizoni akae na mzee mmoja aliyecheza, aliyepiga au aliyesikiliza muziki huo. Anukuu maneno ya nyimbo mbili, aulize nani alitunga, wapi na kwa sababu gani, na aandike pia pale wazee wanapotofautiana. Chama chetu kikusanye na kuhifadhi nakala hizo, pamoja na majina ya watunzi, ili jasho lao litambuliwe. Nawaomba nanyi wahadhiri wetu mtutengee japo wiki mbili katika kozi ya ushairi.

Mimi nimeanza. Marehemu babu aliniachia sanduku la santuri 31. Nne zimepasuka, na 2 zimefutika majina kiasi kwamba sijui aliyeimba ni nani. Nilimpigia nyanya yangu mojawapo ya hizo 2 kwa simu. Aliuimba wimbo mzima mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba jina la mwimbaji alikuwa akilijua babu.