Gari dogo, faida ndogo: mwenye mtaji apige hesabu ya betri

Mfanyabiashara wa Titye akiuza maharage yake vizuri, mara nyingi hufikiria kununua gari dogo lililotumika Japani aliingize kwenye mchomoko wa Kasulu. Siku hizi yupo anayemwambia asubiri gari la umeme, kwa kuwa halinywi petroli. Kabla ya kuamua, aelewe kwanza kiwanda kinavyopiga hesabu.

Gari likiwa dogo, bei hushuka haraka kuliko gharama. Usanifu, mitambo na majaribio ya usalama hulipiwa karibu sawa na vya gari kubwa. Faida ya gari moja huwa kiduchu, hivyo sharti yauzwe mengi sana. Mwaka 2008 Tata ya India ilitangaza Nano kwa rupia 100,000. Wanunuzi hawakufikia idadi iliyotarajiwa, na mwaka 2018 uzalishaji ukakoma. Mwaka huohuo Ford ilitangaza kuachana na karibu saluni zake zote Marekani, ikabakia zaidi na pikapu na magari makubwa yenye faida nene. Jirani zetu Kenya walizindua Nyayo Pioneer mwaka 1990, lakini yaliishia magari machache ya mfano kwa kukosa mtaji.

Kwa gari la umeme, kipande ghali ni betri. Mwaka 2010 kilowati-saa moja ya betri ilizidi dola 1,000 za Marekani. Mwaka 2024 wastani ulikuwa kama dola 115. Ndiyo maana mwaka 2020 Wuling ya China iliweza kuuza Hongguang Mini EV kuanzia yuan 28,800. Toleo la chini lilikuwa na betri ya kilowati-saa 9.2 tu, ya kutosha safari fupi za mjini.

Sisi safari zetu si hizo. Kasulu hadi Kigoma ni karibu kilomita 90, na kurudi ni kupanda kutoka ziwani. Aidha, tunanunua mtumba. Injini iliyochoka fundi wetu huifungua akaifufua. Betri iliyochoka hupunguza mwendo wa safari, na mpya inaweza kugharimu kuliko gari lenyewe.

Hata hivyo, umeme haukosi nafasi. Tangu mwaka 2022 Kasulu imeunganishwa na gridi ya taifa, badala ya kutegemea majenereta ya dizeli. Mwenye mtaji mdogo aanze na pikipiki au bajaji: betri ni ndogo, safari ni fupi, na hasara ikitokea haimalizi akiba ya misimu mitatu.

Anayetaka gari la umeme la mtumba asiulize bei peke yake. Adai kipimo cha uwezo wa betri uliobaki, kwa maandishi, kabla ya kutuma fedha. Muuzaji akikataa kutoa kipimo hicho, mnunuzi abaki na fedha zake.