Bampa Haisimamishi Pikipiki

Imani iliyozoeleka mjini ni kwamba pikipiki ya zamani huboreshwa kwa kuongezewa vitu. Mtu akinunua Honda kuukuu iliyokuwa ya mradi, au akirithi CG ya baba mdogo, safari ya kwanza ni Kariakoo. Anarudi na bampa ya chuma, taa mbili za LED za kufunga chini ya usukani, spika, siti iliyoshonwa upya na stika za tangi. Akibakiwa na chenji, fundi anamtobolea ekzosi ili ilie. Majirani wanampa hongera kwamba pikipiki imekuwa mpya.

Hongera hiyo naipinga. Pikipiki hiyo imetoka gereji na matairi yaleyale yaliyokauka na viatu vya breki vilevile vilivyolika. Kilichobadilika ni kwamba sasa ni nzito zaidi, na mwenyewe ana moyo zaidi wa kuikimbiza. Imetoka ikiwa hatari kuliko ilivyoingia, na ametumia pesa yake kuifikisha hapo.

Sisemi haya kwa kuzidharau pikipiki za zamani. Nazipenda, na naona haraka ya kuziuza ili kuingia mkopo wa mpya ni hasara kwa mtu anayekwenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa na kutembea Jumamosi. Honda walipotoa CG125 mwaka 1976 waliilenga kwa nchi zinazoendelea, ambako pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na mafuta ya injini hubadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Wakachagua injini ambayo vali zake husukumwa kwa fimbo, jambo lililopunguza vitu vya kuharibika kule juu, na cheni wakaifunika isile vumbi. Viwanda vya China vimeiiga injini hiyo kwa miaka mingi, ndiyo maana spea zake utazipata Mwanza na utazipata Mtwara. Moyo wa chombo hiki ni mzima. Ukiupa mafuta safi na kurekebisha vali kwa wakati, utakuhudumia muda mrefu. Kinachozeeka vibaya ni kule chini, kati ya ekseli na lami, mahali ambapo mpita njia hatazami.

Tuweke hesabu mezani. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Chukua mbili zinazofanana, ziwe na mwendo huo, na waendeshaji wafunge breki mahali pamoja. Ya kwanza ina matairi mazuri na breki zote mbili zinafanya kazi, hivyo kila sekunde mwendo wake unapungua kwa mita 7 kwa sekunde, kiwango kinachofikika kwenye lami kavu. Itasimama ndani ya mita 20. Ya pili ina viatu vilivyolika na kebo iliyokauka. Kila sekunde inapunguza mita 5 tu. Itahitaji mita 28. Tofauti ya mita nane watu huisikia wakaiona ndogo. Lakini pale ambapo ile ya kwanza imekwisha kusimama kabisa, hii ya pili bado inakwenda kilomita 32 kwa saa. Kama mahali hapo kuna mtoto aliyekimbilia mpira, wa kwanza ameshusha pumzi na wa pili amemgonga mtoto kwa mwendo huo.

Hakuna spika wala stika iliyowahi kupunguza hata nusu mita ya hapo. Viatu vipya vya breki hupunguza. Kebo mpya iliyotiwa mafuta hupunguza. Kusugua kwa msasa ule mng'ao ulioganda ndani ya drami hupunguza, na bei ya kazi hizo haifiki ya bampa. Kwenye Honda nyingi kuna hata mshale mdogo kwenye sahani ya breki: ukibana breki na mshale ukakutana na alama yake, viatu vimekwisha. Alama hiyo ipo tangu kiwandani, na kuitazama hakuhitaji kufungua kitu.

Hapa najua nitajibiwa kwa imani nyingine iliyo ndugu wa hii: breki ya mbele inaua. Mafundi humwambia kijana waziwazi, "Kaka, ya mbele usiiguse, itakurusha," na wapo waliokwisha kuifungua kebo yake kabisa. Ukweli ni kwamba pikipiki inapofunga breki uzito wake huhamia mbele. Gurudumu la nyuma hubaki jepesi, na tairi lisilokandamizwa halina nguvu ya kushika barabara. Huburuta tu, huchora mstari mweusi na kumyumbisha mtu. Breki ya mbele humwangusha anayeibana kwa ghafla akiwa amelala kwenye kona au akiwa juu ya mchanga. Anayeikaza hatua kwa hatua, pikipiki ikiwa wima, huipata humo sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama.

Hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California walitoa ripoti baada ya kufika wenyewe kwenye ajali za pikipiki karibu 900 katika eneo la Los Angeles. Waliona kwamba waendeshaji wengi, hatari ilipotokea, waliikanyaga mno breki ya nyuma hadi gurudumu likaburuta, na ile ya mbele waliitumia kidogo mno. Los Angeles ya wakati ule si Mbagala, na pikipiki nyingi za kule zilikuwa kubwa kuliko hizi zetu. Uzito, hata hivyo, unahamia mbele huku kama kule.

Ripoti hiyohiyo iliigusa na bampa. Waliona kwamba chuma kile hupunguza majeraha ya kifundo na wayo, lakini majeraha ya paja, goti na mguu wa chini huongezeka, hivyo mwisho wa hesabu faida haipo. Kwa hiyo anayeniambia bampa iliwahi kumwokolea wayo simbishii. Inaweza kuwa kweli kabisa. Ninachokataa ni kuiita kinga ya mwili. Inakinga tangi, indiketa na pedeli ya gia pikipiki inapoanguka ikiwa imesimama, na kazi hiyo ni halali. Inunue kwa kazi hiyo, baada ya breki. Na ukishainunua, isifungwe kwa kuchomelewa kwenye fremu. Ikipigwa kwa nguvu itaipinda fremu yenyewe.

Taa nazo zinahitaji maneno machache. Mwendeshaji anayetoka kazini usiku kwenye Barabara ya Kilwa ana haki ya kuona mbele, na taa ya wati 35 iliyofifia haimtendei haki. Tatizo ni kwamba kioo cha ndani cha taa ya zamani kiliumbwa kurusha mwanga kutoka kwenye uzi mdogo wa balbu uliokaa mahali maalumu. Ukichomeka LED ya bei rahisi humo, mwanga unatawanyika: wewe unaona mng'ao karibu na gurudumu, na dereva anayekuja mbele yako haoni kitu. Mtu uliyempofusha ndiye anayeshika usukani wa lori. Anza kwa kusafisha maungio ya waya yaliyoota kutu, badilisha kioo cha ndani kilichopauka, shusha taa ielekee barabarani. Kisha iwashe hata mchana na uvae kizibao cha rangi kali. Hurt na wenzake waliona kwamba mambo hayo mawili yalipunguza ajali kwa kiwango cha maana, kwa sababu wengi wanaowagonga waendeshaji hawakuwaona. Wanaodai kwamba mlio wa ekzosi iliyotobolewa hufanya kazi hiyohiyo wasimame mbele ya pikipiki yao, kisha nyuma yake, wasikilize sauti inaelekea wapi. Inaelekea kwa waliokwisha kupitwa.

Matairi yana maandishi yanayosomwa na wachache. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pikipiki iliyolala stoo miaka mingi huwa na matairi ambayo kashata zake zinaonekana ndefu lakini mpira wake umekuwa mgumu. Kwenye lami iliyoloa mvua ya kwanza hayakushiki. Muuzaji atakuambia bado mapya. Yeye anatazama kashata, wewe soma tarakimu.

Sasa matembezi ya wikiendi, ambayo nayapenda na ambayo ndiyo sababu nzuri ya kuongeza vitu viwili vitatu. Kwa Bagamoyo, spoketi ya mbele yenye meno 15 badala ya 14 itapunguza mzunguko wa injini kwa karibu asilimia 7 kwa mwendo uleule. Injini itapumua na mikono haitakufa ganzi. Ukipakia mtu na kupanda Mombo hadi Lushoto, spoketi hiyohiyo itakunyima nguvu, basi amua safari zako nyingi ni za wapi. Kwa kushuka kutoka Lushoto, kilomita zipatazo 33 za kona juu ya korongo, ndipo breki kuukuu hujulikana. Drami ikipata moto inapoteza nguvu, na anayeweka gia huru na kuzima injini ili kuokoa petroli amejinyima msaada pekee uliobaki. Shuka kwa gia ya pili au ya tatu. Keria imara ya kufungia mzigo nyuma na vioo viwili vinavyotulia, hivyo navitetea bila wasiwasi, kwa sababu hutumika kila siku.

Kuhusu kofia ngumu sitabembeleza. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mtu aliyevaa kofia iliyopasuka huku pikipiki yake ina taa sita, pesa yake ameiweka pasipo uhai wake.

Nitaambiwa kwamba wengi hawana pesa ya yote haya. Ni kweli, na ndiyo sababu mpangilio una uzito. Mwenye pesa nyingi anaweza kukosea mpangilio akarekebisha mwezi ujao. Mwenye kidogo akiitumia kwenye bampa mwezi huu, ataendesha na breki mbovu hadi msimu ujao.

Kwa hiyo nawaomba mafundi, kwa sababu wao ndio wanaoaminiwa. Mteja akija na bampa mkononi, inua gurudumu la mbele kwanza. Lizungushe, libane, kisha lifungue umwonyeshe kilichobaki ndani ya drami. Mwache avishike mwenyewe viatu vilivyolika hadi chuma, ndipo umuulize aanze na kipi.